Viatu Visivyo na Kulia wala Kushoto

Mwaka ambao mke wangu alikwenda Mtwara kuendelea na masomo ya uuguzi, nilibaki Ruangwa na binti yetu wa miaka minane. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na kazi hiyo ninayo mpaka leo. Kupika ugali nilijua, kufua nilijua, na kwa yale nisiyoyajua mama yangu mzazi alitoka Mandawa akaja kukaa nasi, mikorosho yake akamwachia kaka yangu. Alishuka kwenye gari na mkeka, jogoo na jembe. Nikamwambia jembe hatalihitaji hapa mjini. Wiki mbili baadaye nyuma ya nyumba palikuwa na matuta manne ya viazi.

Sikujua kwamba mwaka huohuo ningejifunza kumwandaa mtoto kwenda kwenye darasa la baleti. Hata neno lenyewe nilikuwa sijawahi kulitamka.

Mambo yalianzia hospitalini. Mwishoni mwa masika nilikwenda Ruponda na binti yangu kumsalimu dada yangu. Siku ya pili mtoto akaanza kuhema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Shemeji yangu akatupakia kwenye pikipiki, mtoto katikati yetu, mpaka hospitali ya Nachingwea mjini. Ilikuwa nimonia. Tukalazwa siku sita.

Daktari wa wodi ya watoto alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa huku, aliyekulia Dar es Salaam. Alisema kwa upole lakini hakurudia jambo mara mbili. Usiku wa kwanza na wa pili alikuja kumsikiliza mtoto kifua mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na kila alipoondoka aliniambia hasa alichokisikia, kama vile na mimi ni mtu wa kazi hiyo. Kwa jambo hilo peke yake nitamshukuru siku zote. Baba aliyekaa kwenye kiti cha wodi hana kazi nyingine ila kuogopa, na yeye alinipunguzia kazi hiyo.

Asubuhi ya nne mtoto aliketi mwenyewe, akaomba chai. Kitanda chetu kilikuwa karibu na dirisha linalotazama baraza. Daktari alikuwa amemaliza zamu yake, amesimama mwisho wa baraza akidhani haonwi na mtu. Akainua mguu mmoja, akaweka kisigino juu ya ukingo wa baraza, kisha akainamia goti lake polepole mpaka paji la uso likaligusa. Mimi nilitazama pembeni kwa adabu. Mtoto hakutazama pembeni.

Nilikwenda kuosha kikombe. Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya kitanda, mkono wenye sindano ya dripu ameushikiza kifuani, mwingine ameshika chuma cha kitanda, na kisigino chake kiko juu ya godoro. Muuguzi alikuwa anakuja kumkaripia. Daktari akamzuia muuguzi, akaja mwenyewe.

"Umejifunza wapi hivyo?" akamwuliza.

"Kwako," mtoto akajibu.

Daktari akacheka, akaniomba radhi, akanieleza. Tangu akiwa mdogo alicheza baleti miaka mingi, mpaka masomo ya udaktari yalipomzidi. Sasa alitaka kuanzisha darasa la wasichana siku za Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa zamani pale Nachingwea wenye sakafu ya mbao, mabaki ya enzi za mradi wa karanga wa wakoloni. Sakafu ya saruji huumiza magoti, alisema, na yeye alikuwa ameutafuta ukumbi wa mbao tangu alipohamishiwa huku. Mtoto akipona vizuri, nimlete. Tena mazoezi yale yangemfaa kifua. Nikakubali papo hapo. Siku ile hata angeniambia nimlete mtoto ajifunze kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege, ningekubali.

Mwezi wa sita tulirudi kwa uchunguzi. Kifua kilikuwa safi, alhamdulillahi. Daktari akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono, hati nzuri isiyo ya kidaktari. Darasa lingeanza Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Mtoto aje na nguo ya mazoezi inayobana mwili. Aje na taiti nyeupe. Aje na viatu laini vya kuchezea, na kama havipatikani, vya kushonesha, na chini yake akachora mfano. Mwisho kabisa: nywele zikusanywe zifungwe fundo moja kisogoni.

Hiyo karatasi niliikunja nikaiweka mfukoni mwa shati, na kwa mwezi mzima ikawa kama ratiba ya maisha yangu.

Nguo tuliipata kwa mama mmoja anayeuza mitumba sokoni Ruangwa. Nilimweleza ninachotaka, akaniuliza kama mtoto ni mwanasarakasi. Nikamwonyesha karatasi. Akafungua robota jipya kabla ya siku yake, akachambua nguo moja moja mpaka akaibuka na nguo nyeusi ya mikono mirefu, laini kama soksi, na taiti mbili nyeupe ambazo moja ilikuwa imetoboka. Nguo ilikuwa ya mtu mzima. Mama yangu akaipunguza kwa mkono, sindano na uzi, akiwa ameketi kwenye mkeka, huku akininung'unikia.

Alikuwa na sababu ya kunung'unika. Kiswahili cha mama yangu ni cha sokoni na cha redioni; mambo mazito huyasema Kimwera, na siku ile alinisema Kimwera mfululizo. Kwa kifupi alisema mjukuu wake hatatoka mbele za watu na miguu inayoonekana umbo lote. Alisema alikubali mambo mengi katika nyumba hii, pamoja na mkwe kukaa mbali mwaka mzima, lakini hili hakuliona mahali pa kuliweka. Sikubishana naye. Nilimpigia simu daktari. Daktari hakukasirika. Alisema darasa ni la wasichana peke yao, mlango hufungwa, wanaume hubaki nje, na juu ya taiti mtoto anaweza kuvaa sketi fupi ya kupepea. Akaongeza kwamba bibi anakaribishwa kuketi ndani muda wote na kuona kila kitu kwa macho yake.

Nilipomfikishia mama ujumbe huo, akaniomba nimwonyeshe huo mchezo wenyewe. Nikatafuta video kwenye simu. Tukaiangalia watatu, mama ameshika simu mbali na uso kama asomaye barua. Mama yangu katika ujana wake alikuwa mtu wa ngoma. Wasichana walipotolewa unyagoni kwao yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na mpaka leo wanawake wa Mandawa wakikutana naye humsimulia mwenyewe alivyokuwa anacheza. Akaangalia yule mwanamke wa kwenye video akiinuka juu ya vidole, akielea, akishuka, akiinuka tena.

"Sisi tunaipiga ardhi," akasema. "Hawa mbona wanaikimbia?"

Akaomba video irudiwe tangu mwanzo. Alipoiona mara ya tatu akasema shingo ya yule mwanamke ni nzuri, na kwamba mtu hafiki hapo kwa uvivu. Kesho yake nikamkuta nyuma ya nyumba na mjukuu wake kando ya matuta ya viazi, anamsimamisha wima, fimbo ya kuanikia nguo imepita mgongoni. Sketi ya kupepea aliishona mwenyewe bila kuambiwa.

Kazi ya viatu niliipeleka kwa fundi viatu anayeketi jirani na stendi. Huyu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyezoea kushona raba za wanafunzi wangu. Aliugeuza ule mchoro juu chini. Akaomba kuona picha kwenye simu. Akaomba mtoto aletwe. Akamsimamisha juu ya kipande cha boksi, akachora nyayo zote mbili, kisha akamwambia asimame kwa vidole, akachora tena. Ngozi aliitoa kwenye mkoba wa zamani wa mke wangu, ambao niliuombea ruhusa kwa simu na yeye akatoa ruhusa baada ya kuniuliza mara mbili ni mkoba upi. Lastiki ilitoka kwenye suruali yangu ya michezo.

Siku ya kuvichukua nilivitazama nikaona havina kulia wala kushoto. Vyote viwili vilikuwa sawasawa kabisa, kama mikate miwili. Nikamwambia fundi, kwa sauti ya ukali kidogo, kwamba amekosea. Akanitazama, akasema ameangalia zile picha muda mrefu na hivyo ndivyo alivyoona. Nikavichukua nikiwa sijaridhika. Hakutaka malipo, alitaka nimletee picha ya mtoto akiwa amevivaa. Niliondoka nikidhani amekataa malipo kwa sababu anajua ameharibu.

Likabaki la nywele, na hilo ndilo ninaloliona gumu kulisimulia.

Shuleni kwetu, kama katika shule nyingi za msingi, wasichana na wavulana hukata nywele ziwe fupi kabisa. Binti yangu alijua hivyo. Lakini likizo ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza, na alikuwa ameisoma karatasi. Akaacha nywele zikue. Kila asubuhi alizipaka mafuta ya nazi na kuzivuta kwa vidole. Kila baada ya siku chache alikuja kuniuliza kama zimefika. Nilimwambia zinakuja. Nilimwona akikusanya vidole viwili nyuma ya kichwa akitafuta kitu cha kushika. Wiki ya mwisho ya likizo alifanikiwa kufunga kipande kidogo kwa uzi mweusi, kikasimama kama kikonyo cha embe. Akafurahi sana. Nami nikacheka naye.

Shule zikafunguliwa. Wiki ile ya kwanza mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Siku ya Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo Jumamosi ya darasa, tulifanya ukaguzi wa usafi mstarini. Wanafunzi waliorudi na nywele ndefu walitakiwa watoke mbele wakatwe. Walitoka tisa. Binti yangu hakusubiri kuitwa. Alitoka wa kumi, akasimama mwisho wa mstari.

Shule nzima ilijua ni mwanangu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani. Aliniachia mwenyewe. Nilichukua mkasi. Nikawakata wale tisa mmoja mmoja, nikipiga hesabu kichwani ya muda uliobaki, kana kwamba muda ungenisaidia. Nikamfikia. Shuleni huwa ananiita mwalimu, hajawahi kusahau hata siku moja.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho."

Nikamkata. Sikuwa na njia ya kuwakata tisa nikamwacha wa kumi, na hata leo nikirudishwa pale sioni ningefanya nini kingine. Lakini upande mmoja niliukata vibaya, ikabidi niurudie mpaka karibu na ngozi. Hakulia. Alirudi mstarini akatazama mbele.

Nyumbani mama alikitazama kichwa cha mtoto, akanitazama mimi. Akampakulia mtoto chakula kwanza, akampa kipande cha samaki kilichokuwa changu. Mtoto alipokwenda kunawa, mama aliniambia maneno matatu tu, safari hii kwa Kiswahili ili nisiyakwepe.

"Ungemwambia mapema, baba."

Huniita baba akiwa ananihurumia. Alikuwa amesema kweli. Mkasi haukuwa kosa. Kosa lilikuwa mwezi mzima wa kumwambia zinakuja, nikijua kalenda, nikijua zamu ni yangu. Nilijiambia kwamba pengine mambo yatajipanga yenyewe, na wakati najipa moyo, mtoto alikuwa anazipaka mafuta.

Alasiri ile nilimfuata kwenye matuta ya viazi, nikachuchumaa, nikamwambia nilikosea kutomwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama tutakwenda hivyohivyo. Nikasema tutakwenda. Akasema basi atavaa mtandio, na hatauvua.

Jumamosi tuliamka kwa adhana. Baada ya kuswali niliwasha jiko, nikapasha maji, nikapika uji wa ulezi. Mama akamwogesha mtoto. Hapo likaja tatizo ambalo daktari hakuliandika. Mama yangu hajawahi kumtoa mtoto nje ya nyumba bila kumpaka mafuta miguu, na mimi nilikuwa nimemwambia mafuta yataacha madoa kwenye taiti nyeupe. Alisimama na kopo mkononi kwa muda mrefu. Alisema mtoto ataonekana kama ametoka kuchimba udongo. Mwishowe akampaka uso na mikono, akaiacha miguu, akasema kwa sauti ya chini neno la Kimwera ambalo sitalitafsiri.

Wakati huo wa kiangazi vumbi la njiani huingia mpaka kwenye meno. Hatukuthubutu kumvalisha nyeupe. Tangu Ijumaa mama alikuwa ametafuta kindoo cha plastiki chenye mfuniko, kile cha maandazi, akakisugua kwa majivu, akakikausha juani. Akapanga ndani nguo nyeusi, taiti, sketi, viatu, na juu yake kanga moja ya kujifunika. Akafunga mfuniko. Mtoto akavaa gauni lake la kawaida, mtandio akaufunga mwenyewe, kwa nguvu, pini tatu. Tukaondoka na gari la kwanza, yeye amekaa dirishani na kindoo mapajani. Nilijaribu kumsemesha. Alinijibu kwa adabu, kama anavyojibu mwalimu.

Nachingwea tulishuka tukatembea. Nyuma ya ukumbi palikuwa na bomba. Mama akamnawisha uso na miguu, akamkausha kwa ncha ya kanga, akaishika kanga ile ikawa pazia kwenye kona ya ukuta, na ndani ya pazia mtoto akabadilisha nguo. Nilisimama nje ya pazia nikipokea vinavyotoka na kupitisha vinavyoingia. Taiti ilivaliwa mbele nyuma, ikavuliwa, ikavaliwa tena. Sketi ilikaa vizuri. Kisha akatoka. Alikuwa mtoto wangu yuleyule, amebanwa na nyeusi na nyeupe, mwembamba kama kalamu, na kichwani mtandio wa shule wenye pini tatu.

Tukazunguka kwenda mbele. Barazani palikuwa na wasichana wengine sita na wazazi wao. Baba mmoja alikuwa ametoka Kilimarondo tangu Ijumaa akalala kwa ndugu mjini, kwa sababu njia yao alfajiri huwa na tembo. Wazazi wengine walikuwa wa hapohapo mjini, wafanyabiashara na watumishi. Nikatazama vichwa vya wale wasichana, na ndipo nilipoanza kupumua.

Mmoja alikuwa amevishwa utepe kichwani, na nyuma ya utepe mama yake alikuwa ameshona donge la nyuzi nyeusi za kufumia. Mwingine alivaa wigi la mtu mzima lililomshukia mpaka kwenye nyusi, naye alikuwa anainua kidevu ili aone njia. Watatu walikuwa wamefungwa vitambaa. Yule wa Kilimarondo alikuwa na kichwa kitupu, na baba yake alikuwa tayari amesimama mbele yake kama mtu anayejiandaa kujitetea. Wote walikuwa wanafunzi wa shule za msingi. Wote walikuwa wamenyolewa wiki ileile.

Daktari akafungua mlango. Akatutazama. Akatazama wigi, donge la nyuzi, vitambaa, na mtandio wetu wa pini tatu. Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani anacheka, kisha nikaona macho yake, hakuwa anacheka.

Aliwaamkia wazee kwanza, shikamoo kwa mama yangu na kwa yule baba wa Kilimarondo. Halafu akasema, "Wazazi wangu, naomba mnisamehe. Niliandika kama nilivyoandikiwa mimi nikiwa mdogo. Sikufikiri."

Akatueleza kwamba shule aliyosoma yeye iliruhusu nywele, na hiyo karatasi aliikumbuka neno kwa neno kutoka kwa mwalimu wake, bila kujiuliza inakwenda kwa watoto gani. Kisha akachuchumaa mbele ya wasichana, akawaambia sababu ya lile fundo. Nywele hufungwa ili zisiingie machoni mtu akizunguka, na ili shingo ionekane, kwa sababu katika baleti shingo nayo inacheza.

"Na ninyi shingo zenu zote naziona," akasema. "Mmeshajiandaa kuliko nilivyojiandaa mimi."

Msichana wa wigi ndiye aliyetangulia kulivua, akalikabidhi kwa mama yake kwa haraka ya mtu aliyetua mzigo. Vitambaa vikafuata. Binti yangu alisimama kidogo. Kisha akatoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauvua mtandio, akaukunja mara nne kama anavyokunja sare. Bibi yake alikuwa ameshanyoosha mkono kuupokea. Mtoto akampita, akaniletea mimi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya Ijumaa.

"Nishikie, baba," akasema.

Nikaupokea kwa mikono miwili.

Kabla hawajaingia daktari alikagua miguu ya kila mmoja. Wengine walikuwa na soksi tu, mmoja alikuwa na viatu vya plastiki. Alipofika kwa wetu akapiga goti, akakishika kiatu kimoja, akakibonyeza soli, akakizungusha. Nikaanza kujitetea. Nikamwambia fundi wetu wa Ruangwa alikosea, akavifanya visiwe na kulia wala kushoto. Daktari akaniambia kwamba viatu vya baleti vya kujifunzia mara nyingi hushonwa hivyohivyo. Mguu wenyewe ndio unaoamua kwa jinsi unavyovitumia. Akaniuliza huyo fundi amejifunza wapi. Nikasema ameangalia picha. Akasema basi angependa awashonee wale wengine sita.

Mlango ukafungwa. Mama yangu akaingia nao, akiwa ameshika kindoo. Mimi na yule baba wa Kilimarondo tukabaki barazani. Yeye alinisimulia habari za mahindi yake na wanyama, nami nilisikia nusu tu, kwa sababu sauti ya daktari ilikuwa inapita dirishani ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Halafu tena moja. Nimefundisha kuhesabu miaka mingi, lakini sijawahi kusikia mtu akihesabu mpaka nane kwa saa nzima bila kuchoka wala kutaka kufika tisa. Nyuma ya hesabu zilisikika nyayo laini juu ya mbao. Mara moja nikasikia kikohozi, nikasimama. Hakikuwa cha wangu. Nikaketi.

Walipotoka walikuwa wamelowa jasho wanacheka. Mama yangu alitoka wa mwisho. Nikamwuliza ameonaje. Alisema mwalimu ni mkali vizuri. Alisema walikunja magoti muda mrefu, na hapo ndipo aliporidhika, kwa sababu kumbe hata hawa huanza kwa kushuka kabla ya kuinuka. Aliporudi kwenye mkeka wake jioni ile nilimwona akijaribu kukunja magoti namna ile, ameshika nguzo ya baraza, akidhani niko ndani.

Jumapili mke wangu alipiga simu. Mtoto alimsimulia mpaka salio likaisha, akapigiwa tena, akaendelea. Alisimulia kindoo, wigi la mwenzake, pazia la kanga, mbao za sakafu. Habari ya mkasi hakuisema. Niliisema mimi mwenyewe baadaye. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu nilipita kwa fundi viatu na picha niliyompiga mtoto kwa simu barazani, nikaisafisha studio. Nikamwomba radhi. Alipokea picha, akaiweka ndani ya kisanduku chake cha misumari, akasema aliona tangu siku ile kwamba nimekasirika, ila aliniacha kwa sababu walimu wanajua mengi. Nilistahili. Mpaka sasa viatu vya darasa lile lote hutoka kwake, na wateja humkuta akiwaonyesha picha ile.

Tulikwenda karibu kila Jumamosi mwaka ule. Nilijifunza kugeuza taiti ndani nje na kuikusanya mpaka kwenye kidole gumba kabla ya kuivisha, ili isichanike. Nilijifunza kwamba uji unywewe saa mbili kabla ya darasa, la sivyo unarudi. Nilijifunza kushona lastiki kwa mshono wa kurudi nyuma, na kuuliza tangu Jumatano kama kuna jambo la kuniambia, na kusema yangu mapema. Mama yangu alirudi Mandawa msimu wa korosho ulipoanza, akaniachia kindoo na jogoo. Jembe aliondoka nalo.

Mke wangu alimaliza masomo akarudi. Jumamosi ya kwanza ya kuwepo kwake alisema nipumzike, atamwandaa mtoto yeye. Nikalala kitandani nikisikiliza. Nikasikia kopo la mafuta likifunguliwa. Nikaamka nikasimama mlangoni, nikasema miguu isipakwe. Akasema haya. Nikarudi. Nikasikia taiti inavutwa kwa juu. Nikaja tena, nikasema inakusanywa kwanza. Mke wangu akageuka, ameishika taiti mkononi, akaniuliza kama nimekuwa mwalimu wa hili nalo.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yetu, mguu mmoja umenyooshwa, anasubiri.

"Mama, mwache baba akuonyeshe," akasema. "Yeye anajua."

Mke wangu akanipa taiti. Nikapiga goti sakafuni, nikaikusanya mpaka kwenye kidole gumba, polepole ili aone, naye akainama pembeni yangu akaangalia.